Nyasi zimekataa chini ya mti mkubwa, nipande nini cha kufunika udongo?

Kivulini:

Habari zenu wadau. Naomba mawazo yenu maana hili jambo linanisumbua mwaka wa tatu sasa na nimeshajaribu nilivyojaribu.

Nina mwembe mkubwa nyuma ya nyumba, mti wa miaka mingi, shina lake watu wawili wakishikana mikono ndo wanalizunguka, na matawi yametanda kiasi kwamba hata saa saba mchana chini yake pana giza la ubaridi. Mti wenyewe naupenda, kuukata siwazi hata siku moja. Shida iko chini. Ni udongo mtupu, mvua ikinyesha yale matone makubwa yanayokusanyika kwenye majani yanadondoka kwa nguvu yanachimba udongo na kurusha tope mpaka ukutani, kiangazi ni vumbi tu, na kila mwaka naona mizizi inazidi kutokeza juu kama mishipa ya mkono wa mzee.

Nimepanda ukoka mara tatu. Kila mara mwezi wa kwanza unakuwa wa kijani nafurahi, alafu unaanza kurefuka, vikonyo vyembamba vya njano njano, ukivigusa vinalala, ukifika mwezi wa nne vimebaki viraka. Nimemwagilia, nimeweka mbolea, wapi.

Sasa nimepata mtu wa kuniletea lori la udongo mweusi mzuri, nataka nimwage kama futi moja hivi nifukie ile mizizi yote pawe sawa, alafu nipande mimea ya kutambaa badala ya nyasi. Maswali yangu: mimea gani inavumilia kivuli cha namna hii? Nipande kwa nafasi gani? Na itachukua muda gani kufunika? Eneo ni kama hatua kumi kwa kumi na mbili, watoto wanacheza upande mmoja na kuna mbwa anatafuna kila anachokutana nacho. Natanguliza shukrani.

Fundi Mizizi:

Mkuu Kivulini, hilo lori lisimamishe kwanza kabla hatujaongea mambo ya mimea. Nakuomba kabisa.

Wengi tunadhani mizizi ya mti inashuka chini kama vile matawi yanavyopanda juu, kumbe sivyo. Ile minene ya kuushikilia mti inaweza kushuka kiasi, lakini ile myembamba kama uzi, ambayo ndo inakunywa maji na kuulisha mti, iliyo mingi iko kwenye futi moja ya juu ya udongo na inatandaa kupita hata pale matawi yanapoishia. Iko juu kwa sababu inataka hewa. Mizizi inapumua jamani, inavuta oksijeni kwenye vile vinafasi vidogo vya udongo. Ukimwaga futi nzima juu yake, tena uje na toroli na watu wa kukanyaga kanyaga wakisawazisha, umeiziba pua.

Na ubaya wake ni kwamba mti haufi wiki ijayo ukalijua kosa. Unakaa miaka kadhaa unaonekana mzima, alafu kule nchani matawi yanaanza kukauka moja moja, majani yanakuwa madogo, wewe ushasahau habari za udongo unahangaika na dawa ya wadudu. Nilishaitwa kuangalia mti uliojengewa duara la matofali kuzunguka shina likajazwa udongo wa maua mpaka usawa wa goti. Nikafukua kwa mkono upande mmoja, gome lililokuwa limefukiwa lilikuwa jeusi na laini, nikaliminya na kidole gumba likaingia ndani kama karatasi iliyolowa, na harufu ya kitu kilichooza. Mwenye mti alifanya kwa mapenzi yote, alitaka maua. Gome la shina halikai kwenye udongo wenye unyevu, kukaa humo ni kazi ya mizizi.

Kama lazima uweke kitu basi iwe mboji iliyoiva, safu ya sentimita 2 au 3, isizidi 5, na isiguse shina.

Jambo la pili. Unasema kivuli, ila kwa ulivyoeleza mi naona kivuli ni nusu ya tatizo na nusu nyingine ni ukame. Majani mazito ya mwembe yanaidaka mvua kabla haijafika chini, mvua ndogo yote inaishia kwenye majani na kukaukia huko huko, alafu hicho kidogo kinachofika mti wenyewe unakinywa. Kwa hiyo mmea wa kivuli ukiuweka hapo unaweza kufa kwa kiu na wewe ukasema umekosa jua. Chukua makopo mawili yanayolingana, moja weka pale wazi na lingine chini ya mti karibu na shina, mvua ikipita nenda ukayaangalie. Na siku inayofuata chomeka bisibisi ndefu ardhini sehemu zote mbili, mkono wenyewe utakwambia.

Alafu pima kivuli. Saa sita mchana siku ya jua weka karatasi nyeupe chini ya mti, nyoosha kiganja futi moja juu yake. Ukiona kivuli cha kila kidole na mpaka wake, hapo mwanga upo. Ukiona doa lenye ukungu tu, hicho ni kivuli cha kati. Karatasi isipoonyesha kitu kabisa ndo kivuli kizito, na hapo mimea ya kuchagua inakuwa michache sana. Pima sehemu nyingi maana chini ya mti mmoja hapafanani, upande wa mawio na upande wa machweo ni vitu viwili tofauti.

Uje na majibu ya hayo tukushauri vizuri.

Jembe Dogo:

Mi nisizunguke sana, panda wedelia, ile yenye maua ya njano kama vializeti vidogo. Mi nilichomeka vipande mwanzo wa mvua, miezi mitatu udongo ulikuwa hauonekani. Haina masharti, unakata vijiti unachomeka unaendelea na mambo yako. Ukiikosa chukua mani planti, ile ya majani yenye mabaka ya njano inayokaa ndani ya nyumba, itupe tu chini inatambaa yenyewe. Au ile Tradescantia ya zambarau yenye mistari ya rangi ya fedha, kivuli haiogopi hata kidogo. Ukitaka haraka ni hizo.

Shina Refu:

Jembe Dogo ndugu yangu, najua umemshauri kwa nia njema na kweli hizo zinafunika haraka, ila wedelia nimeishi nayo naomba niseme niliyoyaona.

Nilipanda chini ya mti mkubwa kama wa Kivulini. Pale katikati kwenye giza ilibaki vijiti vyembamba na majani mawili matatu, haikufunika kitu. Ila pembeni kwenye mwanga ililipuka. Ikatoka kwenye eneo lake ikaingia kwenye mtaro, ikafuata mtaro mpaka kwa jirani, kila kipande kilichokatwa na fyekeo kikarushwa kando kiliota hapo kilipodondokea. Nilipoamua kuing'oa nikagundua shida yake, ukivuta kikonyo kinakatikia kwenye pingili, na kila pingili iliyobaki ardhini ina mizizi yake tayari. Misimu miwili nimepiga magoti kuitoa. Sio mimi tu, jina lake la kitaalamu ni Sphagneticola trilobata, asili yake Amerika ya Kati na Kusini na visiwa vya Karibi, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, limeiweka kwenye ile orodha ya viumbe 100 vamizi vibaya zaidi duniani. Mmea wa namna hiyo haufai kumpa mtu anayeanza.

Mani planti nayo, ikiwa chini majani yake ni madogo ya wastani, lakini siku ikigusa shina inapanda, na ikipanda majani yanageuka makubwa kuliko sahani na kikonyo kinanenepa kama mkono wa mtoto. Basi kila baada ya wiki chache unazunguka mti unakata. Halafu majani yake yana vijisindano vya kalsiamu oksaleti vinavyochoma mdomo na ulimi, na huyu mwenzetu kasema ana mbwa anayetafuna. Tradescantia na zenyewe utomvu wake unawasha ngozi ya mbwa, hasa tumboni kwenye manyoya machache, analala juu yake kutwa unashangaa anajikuna. Na inaota kwenye kipande kidogo kabisa, ukikitupa jalalani kinaota jalalani.

Kwa hiyo mi ningesema kanuni iwe hivi, mmea ukisifiwa kwamba unafunika udongo kwa miezi mitatu bila kuangaliwa, jiulize mwezi wa nne utasimama wapi. Na popote ulipo kaulize kwanza watu wa kilimo au wa misitu kama mmea huo umepigwa marufuku kwenu.

Jembe Dogo:

Hapo kwa mbwa sikusoma vizuri, kweli. Na mtaro mimi sina, eneo langu limezungukwa na sementi pande zote ndo maana haikunisumbua. Mkuu Kivulini chukua ushauri wa Shina Refu.

Mama Mboji:

Kivulini mwanangu, haya mambo ya chini ya miti nimeyafanya muda mrefu na nayapenda kuliko bustani ya juani, naomba nikuandikie kwa urefu kidogo.

Kama ningeambiwa nichague mmoja tu ningechagua Chlorophytum comosum, wengi wanaita spaida, ile ya majani marefu membamba yenye mstari mweupe, inatoa vijiti virefu vinavyoning'inia na vitoto kwenye ncha. Watu wameizoea kwenye vyungu madirishani hawajui kwamba asili yake ni chini ya miti kwenye misitu ya Afrika. Siku ukiing'oa angalia mizizi yake, ni minene, myeupe, imevimba kama vidole vya mtoto mchanga, ile ni maghala ya maji. Ndo maana ukiisahau kiangazi inalegea majani tu alafu maji yakija inasimama tena. Kwa mbwa haina sumu. Na ukiwa na miche kumi leo, mwakani una vitoto vya kujaza nusu ya eneo lako, hununui tena.

Ya pili ni Ophiopogon japonicus, mondo wanaiita, inafanana na nyasi lakini sio nyasi. Ya kijani iliyoiva, fupi, kama sentimita 15 hadi 20, haifyekwi kabisa. Uzuri wake inakaa nadhifu miaka na miaka. Ubaya wake ni taratibu mno, mwaka wa kwanza utadhani umepanda plastiki haikui, uipe miaka miwili mitatu. Dada yake Liriope ni kubwa kidogo na inakwenda haraka kidogo, inatoa maua ya zambarau kama vibunzi vidogo vimesimama.

Pale karibu na shina kabisa kwenye kivuli kizito, Aspidistra, majani mapana ya kijani yanatoka moja moja ardhini, inavumilia giza na ukame kuliko mmea wowote nilioshika, na kwa mbwa ni salama. Sansevieria pia, jamii ya katani ile, inakaa hapo bila shida ila mbwa akiitafuna tumbo linamchafuka, kwa hiyo kwako iache au iweke asipofika. Clivia nayo ina maua ya rangi ya chungwa yanayowaka gizani, kwenye kivuli kikavu ni malkia, ila ina sumu, kwako hapana.

Kuna kitu kilinifurahisha nilipokijua. Hizo zote nilizotaja ukitoa Clivia, yaani spaida, mondo, Liriope, Aspidistra na Sansevieria, wataalamu wa mimea wameziweka kwenye ukoo mmoja, Asparagaceae. Ukiziangalia juu hazifanani, ila fukua chini uone, karibu zote zina namna ya kuweka akiba, mizizi iliyovimba au shina nene linalotambaa ndani ya udongo. Chini ya mti mkubwa mmea wenye akiba ndo unaishi. Ukoka wako haukuwa na akiba ya maana na isitoshe ni nyasi ya jua kali, katika nyasi za bustani ni ya kwanza kukata tamaa kivulini, ule urefu na unjano uliouona ni mmea unaonyoosha shingo kutafuta mwanga.

Pembeni kwenye mwanga wa nusu siku unaweza kuweka Arachis pintoi, ndugu wa karanga, maua ya njano, inatambaa chini kabisa na inatengeneza naitrojeni yake yenyewe, kile kirutubisho cha mimea, wakulima wanaipanda chini ya kahawa na michungwa kama matandazo yaliyo hai. Ila usiipeleke gizani, na kiangazi kikali inapukutisha majani. Kangaga, zile Nephrolepis za majani kama kitana, ni nzuri mno lakini zinataka unyevu, ukipanda hapo kavu utakuwa mtumwa wa mpira wa maji.

Na upande wa watoto usipande chochote. Nasema kwa moyo wote, hakuna mmea wa kivuli unaostahimili miguu ya watoto kila jioni. Hapo weka vipande vya mbao au majani makavu, wacheze.

Wanaosoma hii wakiwa kwenye nchi za theluji, kwenu watu wanatumia zaidi Vinca minor, Pachysandra terminalis, Ajuga na Epimedium. Hizo mi sijazishika kwa mikono yangu, nawaachia wenye nazo wazungumze.

Majani Makavu:

Na wazo la kutopanda kabisa lipo pia. Mwembe unaangusha majani mwaka mzima, sisi tunayafagia tunayachoma alafu tunalalamika udongo umekufa. Msituni nani anafagia? Mi niliacha kufagia, nikayasogeza tu yasiguse shina, safu ya sentimita 5 mpaka 8. Msimu wa pili nikifunua naona minyoo, udongo umekuwa mweusi unaachia kwenye vidole, na tope la ukutani liliisha mwezi wa kwanza tu.

Kivulini:

Wadau asanteni sana, Mama Mboji shikamoo na asante kwa kuniandikia yote hayo.

Lori nimelisimamisha, udongo utaenda kwenye tuta la mboga upande wa mbele. Sikujua kabisa kuhusu mizizi kupumua, na nilikuwa nimebakiza siku mbili tu.

Makopo nimefanya. Ilinyesha jana usiku mvua ya kama nusu saa, asubuhi kopo la nje maji yalifika kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada, la chini ya mti lilikuwa limelowa ndani tu, matone unaweza kuyahesabu. Nikakaa nimeyashika mawili, moja kila mkono, nikakumbuka ukoka wangu wote mara tatu. Bisibisi pale wazi iliingia mpaka kwenye mpini, chini ya mti iliingia nusu kidole ikagoma. Kile kipimo cha kiganja na karatasi: kuzunguka shina hatua tatu hakuna kivuli cha kuonekana, katikati ni lile doa la ukungu, upande wa mawio vidole naviona vyote vitano.

Kwa hiyo nawaza Aspidistra karibu na shina, spaida katikati kote, Arachis ukingo wa mawio, upande wa watoto majani makavu. Sasa ninachimbaje? Kila nikigusa jembe nakutana na mzizi.

Mama Mboji:

Marahaba mwanangu. Mpango wako ni mzuri. Jembe lirudishe stoo, hapo halina kazi.

Tumia kisu cha zamani cha bustani au kijiko cha chuma kigumu. Na miche iwe midogo, hili watu hawaliamini, wanataka miche mikubwa ya kwenye chungu ili eneo lipendeze leo. Mche mkubwa unataka shimo kubwa, na shimo kubwa ni mizizi ya mti iliyokatwa. Mdogo unaingia kwenye kishimo cha ukubwa wa kikombe, unaipenyeza mizizi yake katikati ya mizizi ya mti wanakua pamoja. Chimba taratibu, ukikutana na mzizi mnene kuliko penseli usiukate, fukia sogea kiganja kimoja ujaribu tena. Usilazimishe mistari iliyonyooka, panda pale mti unapokupa nafasi.

Siku moja kabla ya kupanda mwagilia eneo taratibu liloe, maana udongo mkavu hivyo maji yanateleza juu tu. Na miche yenyewe iloweshe kwenye ndoo mpaka mapovu yaache kutoka. Weka mboji kiganja kimoja kwenye kila kishimo, changanya na udongo uliotoka humo humo.

Nafasi: spaida sentimita 25 hadi 30. Ukiweka 25 ni miche 16 kwa kila mita ya mraba, ukiweka 30 ni kama 11. Mondo ingekuwa 15 na hapo ni zaidi ya 40 kwa mita, ndo maana nakwambia anza na spaida. Aspidistra ziweke mbali mbali tu, hatua moja. Na usijaze eneo lote mara moja. Chagua kipande cha mita mbili kwa mbili hapo katikati kwenye lile doa la ukungu, kitunze vizuri, vitoto vya hapo ndo vitapanda kwingine. Katikati ya miche weka majani makavu kama alivyosema Majani Makavu, yakatekate kidogo maana jani zima la mwembe ni gumu kama ngozi linamlalia mche mdogo na kumziba.

Panda mwanzo wa mvua lakini mvua usiitegemee, makopo yameshakuonyesha. Miezi miwili ya mwanzo mwagilia mara mbili tatu kwa wiki, taratibu, maji yazame, kisha unapunguza. Kiangazi cha kwanza na cha pili uwe unaiangalia. Spaida ukiitunza hivyo mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hicho kipande kitakuwa kimefunga.

Fundi Mizizi:

Niongeze mawili. Ukitaka mwanga zaidi pale katikati, matawi ya chini kabisa yanaweza kupunguzwa na mtu anayejua, akate pale tawi linapotokea bila kuacha kisiki na bila kuchubua shina, na kwa mara moja asitoe zaidi ya robo ya majani yote. Na fanya hivyo kabla ya kupanda, sio baada, tawi likidondoka juu ya miche mipya utalia.

La pili huo ugumu uliokutana nao kwenye bisibisi ni udongo ulioshindiliwa, miguu ya miaka mingi. Usijaribu kuulima. Majani makavu na minyoo vitaulainisha, polepole.

Shina Refu:

Na mbolea ya chumvichumvi usiweke hapo, mwembe wako ndo utaila yote, miche haitapata kitu.

Kivulini:

Narudi kuwapa taarifa, wiki ya kumi sasa tangu nipande.

Nilianza na miche 40 ya spaida kwenye kile kipande cha katikati na Aspidistra 5 karibu na shina. Kupanda kulichukua jumamosi nzima maana karibu kila kishimo cha tatu nilikutana na mzizi nikasogea, kuna mmoja nilisogea mara nne. Sikukata hata mmoja mnene. Spaida 4 zimekufa, zote upande wa machweo ambako hozi haikufika vizuri. Aspidistra hazijafanya kitu, hazijakua na hazijafa. Arachis ukingoni imeshashikana na imeanza kutoa maua. Majani makavu nimeweka kila mahali na mvua iliyopita ukuta umebaki msafi, mke wangu ndo aliyeona kwanza.

Mbwa alitafuna spaida mbili siku ya kwanza akaziacha, ziliota upya.

Swali langu la mwisho Mama Mboji, baadhi ya spaida zimeanza kutoa vile vijiti na vitoto, vitoto vina vinundu vidogo vyeupe chini, mizizi yenyewe haijafika urefu wa ukucha. Nivikate sasa nipande sehemu nyingine au nisubiri?

Mama Mboji:

Usikate. Kivute kijiti kilale chini mpaka pale unapotaka mche uwepo, kwaruza udongo kidogo kwa kidole, kilaze kitoto juu yake na ukibane na kipande cha waya ulichokikunja kama herufi U. Mama yake ataendelea kukilisha kupitia kijiti hicho huku nacho kinatafuta maji yake. Baada ya mwezi kivute kidogo, kikikataa kung'oka ndo ukate.